Daktari akikuelekeza tovuti, yeye ameisoma?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na mfuko wa chama cha madaktari cha American College of Physicians waliwagawia madaktari karatasi zinazofanana na za kuandikia dawa. Humo daktari aliandika jina la ugonjwa na kumwelekeza mgonjwa kwenye MedlinePlus, tovuti ya serikali iliyoanza mwaka 1998 na isiyobeba matangazo. Naliunga mkono wazo hilo hadi leo. Ila likiletwa kwenye kliniki ya kisukari ya Tanga au Mwanza, lina kazi ya ziada ambayo wanaolipigia debe huipita haraka.

Hoja yao kubwa haina ubishi: mgonjwa atatafuta tu. Kabla hajafika nyumbani, mwanawe ameshaingia Google, na wa kwanza kuwapokea huenda akawa muuza unga wa mizizi anayeahidi kumaliza sukari kwa wiki mbili na kumwambia mzee aache vidonge. Daktari asiyesema lolote kuhusu intaneti amemwachia muuzaji huyo uwanja. Tena maelezo ya dakika chache, yaliyosikilizwa kwa hofu, mengi husahaulika njiani. Ukurasa husomwa tena jioni, na anayepika nyumbani husoma pia.

Lakini hata tovuti ya kuaminika imeandikiwa watu wa mahali fulani. Mashine za kupimia sukari tunazotumia Tanzania kwa kawaida husoma kwa kipimo cha mmol/L, kama Uingereza. Wamarekani hutumia kipimo kingine, mg/dL, na tarakimu zao ni kubwa mara 18 hivi: 7.0 yetu ni 126 yao. Sasa mama amejipima asubuhi kabla ya kula, mashine ikaonyesha 15, sukari iliyopanda sana. Anafungua ukurasa wa Marekani, anasoma kwamba mtu mzima asiye na kisukari huwa chini ya 100. Anashusha pumzi na kulala. Hakuna aliyemdanganya, kila neno la ukurasa ule ni sahihi, na bado umemweka hatarini.

Homa nayo ni vivyo hivyo. Ukurasa wa nchi isiyo na malaria unaweza kumshauri mtu anywe maji, apumzike, asubiri siku mbili tatu. Huku mtoto mwenye homa anatakiwa kupimwa malaria mapema, ndani ya saa 24. Na ushauri wa lishe usiotaja ugali, mihogo wala ndizi hausaidii mtu anayetaka kujua apakue kiasi gani.

Wapo wanaohofia kwamba tovuti itakuwa njia ya kumwondoa mgonjwa mlangoni: "kasome mwenyewe." Hofu hiyo ni ya haki, hasa foleni ikiwa ndefu. Ndiyo maana naona daktari au muuguzi asitaje tovuti nzima, bali ukurasa mmoja aliousoma mwenyewe hadi mwisho. Kisha aandike kwenye kadi ya kliniki kipimo anachotumia mgonjwa na kiwango anachotakiwa kufikia. Mgonjwa akirudi, aulizwe amesoma nini na ameelewaje. Kutegemea nembo ya ubora hakutoshi. Taasisi ya Health On the Net ya Geneva, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kuthibitisha tovuti za afya kwa miaka mingi, ilifunga shughuli zake mwaka 2022.

Kwa asiyesoma Kiingereza, au asiye na bando, kiungo cha tovuti ni karatasi tupu. Hapo kliniki yenyewe iandike ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye vipimo vyetu na vyakula vyetu, uchapwe na pia utumwe kwa WhatsApp kwa mjukuu atakayemsomea bibi. Kinachohitajika ni muuguzi na daktari wakae chini waandike, na hospitali iuhesabu muda huo kuwa saa za kazi.