Mbuzi wa nyumbani, kisu cha nyumbani

Idi ya kuchinja ikikaribia, lawama huwa ileile: mtu anawezaje kumchinja mbuzi aliyemlea mwenyewe, watoto wameshampa na jina? Si bora akanunue kilo mbili buchani? Huruma hiyo ni ya kweli, ila inahesabu siku ya kisu peke yake. Yule wa buchani naye alikuwa na siku za mwisho: mnadani, kwenye lori amebanwa na wenzake, kisha zizi la machinjio asilolijua.

Siku hizo huonekana kwenye nyama. Misuli ya mnyama aliyetulia ina akiba ya sukari, nayo baada ya kuchinjwa hugeuka asidi. pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, hutoka kama 7 hadi karibu 5.5. Aliyekimbizwa au kushinda njaa safarini huchinjwa akiba imeshakwisha. pH hubaki juu ya 6, nyama huwa nyeusi, ngumu, na huoza upesi. Tangawizi haitibu hilo. Mfugaji wa nyumbani ana uwezo wa kulizuia: jioni anaondoa majani, maji anayaacha, na asubuhi mbuzi anatolewa taratibu na yule anayemlisha kila siku, mbali na wenzake. Kisu kimenolewa tangu jana. Mafundisho ya Kiislamu yanakataza kukinoa mbele ya mnyama. Mkato mmoja ukipita koromeo, umio na mishipa miwili mikubwa ya shingo, kwa kawaida mbuzi hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Kisu butu ndicho ukatili wenyewe: mkono unarudi mara tatu, nne, damu haitoki kwa kasi, fahamu inachelewa kupotea.

Watoto waambiwe tangu mbuzi anapoingia bandani kwamba ni wa kuchinjwa, na asilazimishwe mtu kushika miguu. Kumfanya atoweke kimyakimya, kisha pilau itokee, ni kuwadanganya.

Wanaotetea buchani wana hoja moja nzito, nayo si ya machozi: ukaguzi. Malengelenge yenye maji kwenye ini au mapafu hutokana na minyoo tegu ya mbwa. Ukimtupia mbwa kiungo hicho kibichi, minyoo itakomaa tumboni mwake na mayai yatatoka na kinyesi hadi mikononi mwa watoto, na wakiyameza, malengelenge hayohayo huota ndani yao. Wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaujua ugonjwa huo. Kwa hiyo mkaguzi wa nyama aitwe mapema, na ini, mapafu na moyo visigawiwe kabla hajavitazama.