Ufunguo kwa jirani mmoja tu

Familia ikipanga likizo, habari husambaa kabla hata tiketi hazijakatwa. Shangazi keshaambiwa, kundi la familia kwenye simu limejaa picha za hoteli, watoto wametangaza shuleni. Kwa maoni yangu, wanaohitaji kujua tarehe kamili za kuondoka na kurudi ni wachache sana, na wa kwanza ni jirani atakayeshika ufunguo. Picha mtarusha mkisharudi.

Ufunguo apewe jirani mmoja. Wakiwa watatu, kila mmoja huamini mwenzake ndiye aliyepita kukagua. Kuuficha chini ya chungu cha maua ni kumrahisishia mwizi, kwani huko ndiko anakoanza kutafuta. Kisha jirani afungue mlango kwa mkono wake mwenyewe mkiwa bado mpo. Ufunguo wa kuchonga mara nyingine hugoma, na vitasa vingine havifunguki mpaka uuvute mlango kidogo, jambo ambalo mwenye nyumba ameshalizoea hata halitaji.

Mwandikieni karatasi moja: namba mbili za simu, namba ya fundi bomba, mahali ilipo koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme, na nani anaruhusiwa kuingia. Hili la mwisho ndilo linalozua ugomvi wa kifamilia. Mpwa akija kuchukua begi lake, jirani amfungulie au amrudishe?

Mimi naogopa maji kuliko wezi. Mpira wa mashine ya kufulia ukipasuka watu wakiwepo, unagundulika mara moja. Nyumba ikiwa tupu, maji yatamwagika mpaka yatokee kwa jirani wa chini. Zimeni hita ya maji, fungeni koki kuu, halafu fungueni bomba moja ili presha iliyobaki itoke. Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko pekee.

Safari ikizidi wiki mbili tatu, kuna suala la harufu. Chini ya sinki na kwenye tundu la maji la bafuni kuna kiwiko kinachotuamisha maji, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Yakikauka, mtarudi mkute nyumba inanuka mtaro na jirani alaumiwe bure. Mwageni maji katika kila tundu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kula. Mafuta huelea juu na kuchelewesha ukaukaji.

Friji likizimwa, likaushwe na mlango uachwe wazi kidogo, la sivyo litaota ukungu. Likiachwa linafanya kazi, gandisheni kikombe cha maji, wekeni sarafu juu ya barafu. Mkiikuta imezama, umeme ulikatika muda mrefu: nyama itupwe, hata kama imeganda tena.

Mimea ya ndani, mara nyingi, huuawa na jirani mwenye bidii. Mwambieni atie kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa bado na unyevu, asimwagilie.