Bunduki iliyoko kabatini: nani azuie kujiua katika jeshi la Marekani?

Mwaka 2023 wanajeshi 523 wa Marekani walijiua. Mwaka uliotangulia walikuwa 493. Hesabu hiyo ni ya Wizara ya Ulinzi yenyewe, na inawajumlisha walio kazini muda wote, askari wa akiba na wale wa Walinzi wa Taifa, yaani vikosi vya majimbo. Wizara ina ofisi maalumu ya kuzuia kujiua tangu 2011. Ina semina, mabango, washauri nasaha, makasisi na namba ya simu. Bado, kwa walio kazini muda wote, kiwango kimezidi kupanda kidogo kidogo tangu mwaka huohuo. Sisemi mipango hiyo haikuokoa mtu; jeshi limejaa wanaume, na hata uraiani wanaume ndio wanaojiua zaidi. Ninachouliza ni kama nguvu yote hiyo imeelekezwa panapostahili.

Wapo wanaoamini kwamba jibu liko kwa kamanda, na hoja yao haitoki hewani. Mwaka 1996 wakuu wa Jeshi la Anga walilivalia njuga suala hili. Makamanda waliagizwa waseme hadharani kwamba kutafuta msaada si udhaifu. Askari anayechunguzwa kwa kosa, ambaye yuko katika hatari ya kujiua, alihakikishiwa kwamba siri anazomweleza mtaalamu zitalindwa. Makasisi, madaktari na wahudumu wa familia wakaanza kufanya kazi pamoja. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikuta hatari ya kujiua imepungua kwa asilimia 33. Lakini mwaka 2004, usimamizi ulipolegea, hali ikaharibika tena. Nguvu ya njia hii ndiyo hiyohiyo udhaifu wake: inasimama kwa kadiri mkubwa aliyepo anavyojali, na jeshini wakubwa hawakai mahali pamoja muda mrefu.

Wengine wanasema tuanze na bunduki. Takriban theluthi mbili ya wanajeshi wanaojiua hutumia silaha ya moto, na mara nyingi si ya jeshi bali ni yao binafsi, iliyoko nyumbani. Mfano wanaoutaja ni Israeli. Mwaka 2006 jeshi la nchi hiyo lilibadili utaratibu ili askari wanaokwenda nyumbani mwisho wa wiki waache bunduki zao kambini. Utafiti uliofuata ulikuta kujiua kumepungua kwa takriban asilimia 40. Kilichonigusa zaidi katika utafiti ule ni siku zenyewe. Upungufu ulikuwa wa mwisho wa wiki. Siku za kazi hazikubadilika sana. Maana yake, vijana wale waliokuwa mbali na bunduki Jumamosi hawakuja kufa Jumatatu waliporudi kwenye silaha zao. Wimbi lilikuwa limepita. Wataalamu wamelisema hili kwa miaka: kwa watu wengi dhiki kali ya kutaka kufa huja na kuondoka, pengine ndani ya muda mfupi sana, na wengi wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye.

Kamati huru iliyoundwa chini ya Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin mwaka 2022 ilifuata mantiki hiyo. Mapema 2023 ilitoa mapendekezo 127, miongoni mwake kwamba anayenunua bunduki katika maduka ya kambini asubiri siku saba kabla ya kukabidhiwa, na kwamba umri wa kununua humo uwe miaka 25. Septemba Austin aliidhinisha mapendekezo 83. Hayo mawili hayakuwamo.

Wanaoyapinga wana hoja ambazo sitaki kuzipita juu juu. Kijana wa miaka 20 amepewa bunduki na taifa aende vitani; ukimwambia haaminiki na ya kwake mwenyewe, umemvunjia heshima. Akikataliwa kambini atatoka getini akanunue mjini. Na kubwa kuliko zote: askari akihisi kwamba kusema "nimechoka na maisha" kutamponza, apoteze silaha, cheo na pengine kazi, atanyamaza, na anayenyamaza hasaidiki. Hofu hiyo ilifika hadi kwenye sheria. Mwaka 2011 Bunge liliwazuia makamanda hata kumuuliza askari kama ana bunduki nyumbani; miaka miwili baadaye likalazimika kulegeza, ili kamanda au mtaalamu wa afya ya akili aweze kumuuliza yule anayeonekana yuko hatarini.

Nikipima, hoja ya heshima inanielea inapohusu kunyang'anya. Inapohusu kusubiri, hainielei. Siku saba hazimnyang'anyi mtu chochote. Kweli, mfano wa Israeli hauhamishiki mzima mzima, kwa kuwa bunduki zile zilikuwa za jeshi na jeshi lilikuwa na haki ya kuzizuia. Lakini muda ndio unaoipa tiba nafasi, na tiba ipo: katika utafiti uliofanywa kwa askari wa Fort Carson, Colorado, na kuchapishwa 2015, waliopata tiba fupi ya kuzungumza walipungukiwa na hatari ya kujaribu kujiua kwa asilimia 60 wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida. Tiba hiyo inamtaka mtu aliye hai wiki ijayo.

Pande zote mbili, hata hivyo, zinazungumza kama askari anaishi na kamanda wake. Anayejua bunduki iko kabati gani, anayesikia nani haamki kitandani na nani halali, ni mke, mume au mama. Sheria iitwayo Brandon Act, iliyoanza kutekelezwa 2023, ni hatua njema: askari anaweza kuomba apimwe afya ya akili bila kueleza sababu. Lakini ni lazima aombe mwenyewe. Mkewe hawezi kuiamsha sheria hiyo kwa niaba yake. Akimpigia kamanda, anaogopa kwamba amekata riziki ya nyumba kwa mkono wake.

Wasomaji wa Kiswahili wasidhani hili ni la wengine. Kuanzia 2009 hadi 2016 jeshi hilo liliandikisha wageni wenye lugha lilizozihitaji, Kiswahili kikiwamo, na familia zetu zipo kandokando ya kambi zile. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo kifo cha namna hii hunong'onezwa tu msibani. Kenya, kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwanamke aliyelelewa katika ukimya huo, yuko ugenini, mashemeji wako ng'ambo ya bahari, atamweleza nani kwamba baba watoto ameanza kugawa vitu vyake?

Namba ya simu ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua huko Marekani, 988, kisha ukibonyeza 1, inapokea wanajeshi, waliostaafu na jamaa zao pia. Mke anaweza kupiga yeye, bila kumngoja mume na bila kupitia kikosini. Hilo lingefundishwa siku ileile familia inapokabidhiwa nyumba ya kambini, pamoja na kupewa kufuli la bunduki na kuonyeshwa mahali pa kuiweka silaha kwa muda, bila mtu kuulizwa kwa nini.