Mapigo 131 ya mama yule ni ya nani?

Jumanne jioni nilitoka jimu na hasira, na mpaka naandika hapa haijaniisha.

Kuna mama mmoja wa miaka 56 aliyeanza mazoezi mwezi uliopita kwa ushauri wa daktari wake. Kocha, kijana mdogo, alimpandisha kwenye tredimili, ile mashine ya kukimbilia, akamfungia mkanda wa kifuani unaosoma mapigo, akachagua programu ya mapigo ya moyo, ile inayopandisha na kushusha mwendo na mwinuko yenyewe mpaka moyo ufike namba iliyowekwa, akaingiza umri na asilimia 80. "Mama, wewe tembea tu, mashine yenyewe itakuongoza." Kisha akaenda kwa mteja mwingine. Mashine ikapiga hesabu yake: 220 toa umri wake 56 ni 164, ndiyo mapigo ya juu kabisa kwa dakika anayokadiriwa mtu wa umri huo, na asilimia 80 ya hapo ni 131. Ikaanza kuyatafuta hayo mapigo 131.

Nilikuwa mashine ya jirani, namwona vizuri. Moyo wake ulisoma 104. Mashine ikapandisha mwinuko hadi 4. Moyo ukaja 108. Ikapandisha hadi 6, 109. Ikapandisha hadi 8, na hapo mama ameng'ang'ania vyuma vya mbele kwa mikono yote miwili, mtandio umemdondokea mabegani, mdomo wazi, nikimsemesha hawezi kuitikia. Kioo kinasoma 110. Kocha akapita nyuma yetu: "Kaza mama, bado hujafika!" Nikanyoosha mkono nikamshushia mwinuko mpaka sifuri na mwendo mpaka kilomita 3 kwa saa.

Pumzi ilipomrudia nikamwambia, "Shikamoo mama. Samahani kwa kukuingilia. Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Marahaba mwanangu. Ya presha tu. Atenolol, kila asubuhi."

Jibu lote liko hapo. Atenolol, kama ilivyo propranolol na bisoprolol, kazi yake ni kuuzuia moyo usiitikie adrenalini, homoni inayouharakisha. Mtu anayeitumia anaweza kufika mwisho wa nguvu zake huku moyo ukiwa haujafika hata 120. Kwa hiyo ile mashine ilikuwa inayafukuzia mapigo ambayo dawa imeyafungia mlango, na kila isipoyapata inaongeza mlima. Ingeongeza mpaka mama aanguke. Na asije mtu akasoma hapa akaacha dawa ili mapigo yapande! Dawa iko sahihi. Kilichokosewa ni ile 131.

Mimi naipenda sana programu hii. Nina mwaka wa pili naitumia, na ningetamani kila anayeanza mazoezi aijue, maana wengi wetu tunaacha jimu wiki ya tatu kwa sababu tulianza kwa mbio za kushindana na wa pembeni. Ila moyo ukipewa usukani, uwe moyo wa mtu mwenyewe, si wa chati iliyobandikwa ukutani.

Ile 220 toa umri ilienea kutokana na kazi ya mtafiti Fox na wenzake, mwaka 1971, walipokusanya matokeo ya tafiti za wengine na kupitisha mstari katikati ya nukta za grafu. Ni wastani. Watu wawili wenye afya na umri uleule wanaweza kupishana mapigo 20 na zaidi, na hakuna kati yao mwenye kasoro. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walitoa nyingine, 208 toa asilimia 70 ya umri, ambayo inawafaa zaidi wenye umri mkubwa, lakini nayo ni wastani vilevile. Mimi nina miaka 44. Chati inanipa 176; nilipopimwa mbele ya daktari nilifika 189. Miezi minne nilitembea nikidhani nafanya kazi, moyo wangu hata haujaamka.

Aliyenifaa ni Karvonen, yule mtafiti Mfini, na hesabu yake ya mwaka 1957. Yeye anaanza na mapigo yako ukiwa umepumzika. Yangu, asubuhi kabla sijatoka kitandani, ni 62. Toa 62 kwenye 189, inabaki 127. Asilimia 60 yake ni 76. Irudishie 62, unapata 138. Hiyo namba ni yangu mimi.

Sasa tazama inavyofanya kazi Dar mwezi wa pili, kiyoyozi kimekufa. Nalowesha mkanda maji kidogo ili ushike ngozi, natembea dakika nane, kisha naiachia mashine na 138 yangu. Dakika ya kumi na tano nipo kilomita 7.8 kwa saa, nakimbia taratibu. Dakika ya thelathini mashine imenishusha hadi 7.0. Sijachoka kiasi hicho. Ila mwili unasukuma damu kwenye ngozi upoe, jasho limekula maji, na moyo unalazimika kupiga zaidi kwa kazi ileile. Peke yangu ningeng'ang'ania 7.8 kwa kiburi na kesho nisirudi. Mashine inanishusha kabla sijaumia, na kesho narudi.

Vile vyuma vya mashine vya kupimia mapigo kwa viganja achana navyo, namba zinarukaruka. Saa ya mkononi inasaidia, ingawa wakati mwingine inahesabu hatua ikidhani ni mapigo. Na usiitumie programu hii kwa mbio fupi za kasi, maana moyo huchelewa kufuata miguu.

Najua mtakaoniambia wakimbiaji Wakenya wa Iten hawakuhitaji tredimili. Sawa, nakubali, na Coco Beach ni bure. Lakini wale wamelelewa na makocha wanaojua siku ya kukimbia polepole ni siku ya polepole. Mama huyu alipewa dakika mbili za kocha.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kumpandishia mgonjwa mlima hatua kwa hatua mpaka ashindwe ni kipimo cha hospitali. Robert Bruce, daktari wa moyo wa Seattle, Marekani, alikichapisha mwaka 1963: unaanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, kila dakika tatu unaongezewa, nyaya za kupimia moyo zimejaa kifuani na daktari hatoi macho kwenye kioo. Jumanne nilimwona mama wa watu akipandishiwa mlima mpaka kushindwa, bila nyaya, bila daktari, na aliyemwanzishia yuko upande wa pili anahesabu pushapu za mtu mwingine. Makocha, nawaomba kwa dhati: kabla ya kuuliza umri, ulizeni dawa. Ni swali moja tu. Na mwenye dawa za namna hii, mwacheni aongozwe na pumzi yake na daktari wake: aweze kuongea sentensi nzima bila kukatika.

Mama amesharudi kwa daktari wake na ameruhusiwa kuendelea kwa kiasi. Sasa anatembea kilomita 4.8 kwa saa, mwinuko 1, programu imezimwa. Jana alinisimulia harusi ya mpwa wake kule Tanga, kuanzia posa mpaka ugomvi wa wapishi wa pilau, kilomita mbili na nusu nzima, na pumzi haikumkatikia hata mara moja.