Msichanganye magonjwa mawili

Makala yenu inasema tosilizumabu, sindano ya kutuliza kinga ya mwili, imezishinda dawa za zamani kama methotreksati kwenye uvimbe wa mishipa mikubwa ya damu. Jamani, tofautisheni. Matokeo yale ya 2017, ambapo asilimia 56 ya waliochomwa sindano kila wiki walitulia hadi mwisho wa mwaka wakiwa wameshaacha prednisoni (dawa ya steroidi), yalihusu arteritisi ya seli kubwa, ugonjwa wa watu waliovuka miaka 50. Tena walilinganishwa na waliopewa prednisoni peke yake, si methotreksati!

Mdogo wangu ana Takayasu, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa mishipa mikubwa, unaowashika zaidi wanawake wa chini ya miaka 40. Muuguzi alimbonyeza kifundo cha mkono wa kushoto mara tatu, mapigo hayapo. Kwenye Takayasu, jaribio la tosilizumabu la Japani lilikuwa na wagonjwa 36 tu, na tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa haikufikia kiwango cha kitakwimu kilichowekwa, yaani huenda ni bahati tu. Mbona hamkuyasema haya?

Yeye alianza na methotreksati: vidonge kila Ijumaa tu, siku nyingine vitamini ya foliki. Alipotaka mtoto, daktari alimhamishia azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, miezi kadhaa kabla, kwa sababu methotreksati huharibu mimba. Kwa msichana, hilo ni swali la kwanza kabisa, na kwenye ulinganisho wenu halimo.

Jambo jingine: tosilizumabu hushusha CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, hata mshipa ukiwa bado umevimba. Anayeitumia asiridhike na karatasi ya maabara, aombe picha ya mishipa na apimwe presha mikono yote miwili.