Askari wa Barabara ya Jomo Kenyatta na wapagazi wasio na majina

Wapo wanaotaka sanamu za askari zilizoko Barabara ya Jomo Kenyatta, hapa Mombasa, ziondolewe. Hoja yao ni fupi: zilisimamishwa na Mwingereza mwaka 1927 kuwasifu watu waliompigania mfalme wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani vibaraka wa mkoloni. Tumeshapata uhuru, basi tuwaenzi mashujaa wetu. Wa upande wa pili ni wale wanaoweka mashada ya maua kila Novemba. Kwao askari ni askari, aliyekufa aheshimiwe, mengine ni siasa.

Hoja ya kwanza isidharauliwe, hasa na sisi wa Pwani. Agosti 1914, mwezi uleule Uingereza ilipoingia vitani, Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, na askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la mkoloni, wakaingia kuchoma nyumba za Wagiriama. Kosa la Wagiriama? Walikataa kutoa vijana wao kwa kazi za serikali, na Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, alikuwa amewalisha kiapo cha kutotii. Umwambie mjukuu wa aliyechomewa nyumba avue kofia mbele ya sanamu ya aliyechoma, lazima akuulize wewe uko upande gani.

Lakini tusome pia masharti waliyopewa Wagiriama baada ya kushindwa: faini ya rupia 100,000, na juu yake wanaume 1,000 wakawe wapagazi wa vita. Hapa ndipo maneno ya "vibaraka wa mkoloni" yanaponishinda kumeza. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria ya kuwachukua wapagazi kwa nguvu, na mwaka 1917 John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, akasimamia msako mkubwa uliozoa wanaume wilaya baada ya wilaya. Chifu alidaiwa vichwa kadhaa, akavitoa. Mpagazi aliyetolewa hivyo hakumpenda mfalme wala hakumjua. Alibebeshwa mzigo wa unga na risasi akatembezwa hadi kusini mwa Tanganyika, akafa kwa kuhara damu au malaria, mara nyingi bila kumwona Mjerumani hata mmoja. Ukimwita msaliti umemhukumu mtu kwa kosa la kukamatwa.

Na heshima aliyopewa ni ipi? Sanamu za aina hii ziko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na maandishi yake yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti juu yake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Takwimu hizo mbili zinanisumbua kuliko radhi yenyewe. Toa ile ndogo katika ile kubwa, inabaki 234,000. Yaani watu ambao hata waliopewa kazi ya kuwahesabu hawajui kama walikuwako ni mara mbili ya wale wanaojulikana kuachwa. Hii si hesabu iliyokosewa kidogo, ni hesabu ambayo haikufanywa. Mzungu aliyekufa Taita au Taveta aliwekewa jiwe lake, na kwenye jiwe jina, cheo na tarehe. Mwafrika aliyembebea chakula akaingizwa katika sanamu moja ya pamoja, kwa kisingizio kwamba watu wake hawaelewi maana ya jiwe la kaburi. Wasielewe vipi watu wanaosimika vigango, nguzo za mbao za ukumbusho, kwa ajili ya wazee wao?

Tena jina lilikuwa fedha. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofia vitani haikuwafikia jamaa zao, kwa sababu orodha zilikuwa mbovu, na asiyejulikana jina hana mrithi anayeweza kudai.

Isisemwe kwamba haikuwezekana. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache, wakafa watu 1,297. Askari hao hawana makaburi, lakini majina yao yamechongwa Nairobi. (Wenzao waliorudi wazima walipewa kiinua mgongo kilichopimwa kwa rangi ya ngozi, ila hayo yana siku yake.)

Kuna wanaosema tuwaache wafu, tuwashughulikie wanajeshi wastaafu walio hai. Sawa, na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kuwahudumia. Sioni inavyozuia hili la majina. Zaidi ya hayo, ugonjwa wa wakoloni tumeurithi. Kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab tarehe 15 Januari 2016, na serikali haikutoa idadi rasmi ya wanajeshi wetu waliouawa. Najua sababu ya kijeshi: adui asipewe la kujivunia. Kwa wiki ya kwanza naikubali. Kwa miaka yote iliyofuata, siikubali, na wanaoipigia debe sanamu iondolewe hawalisemi hili kwa sauti ileile.

Kwa hiyo mimi nasema zibaki, ila zisibaki zilivyo. Pembeni pawekwe kibao kinachoeleza kilichotokea Kaya Fungo, faini ya Wagiriama na wale wanaume 1,000, kwa Kiswahili cha kusomeka na mtu anayesubiri matatu. Kisha kaunti za Mombasa, Kilifi, Kwale na Taita Taveta ziwaulize wazee, mtaa kwa mtaa, nani katika ukoo wao alichukuliwa asirudi. Waliowajua wapagazi hao kwa macho ni wachache mno sasa. Wanaojua majina yao kwa kusimuliwa bado wapo.