Kompyuta ni ya ofisi, maongezi ya familia siyo

"Kompyuta ni ya ofisi, kwa hiyo bosi ana haki ya kuona kila kitu." Hilo ndilo jibu alilopewa mdogo wangu, binti wa shangazi, anayefanya kazi katika ofisi moja pale Igogo, Mwanza. Kompyuta yake iliwekewa programu inayopiga picha skrini bila yeye kuambiwa. Aligundua siku msimamizi alipomuuliza mbele ya wenzake kuhusu ugonjwa wa mama yake, jambo alilolizungumza WhatsApp tu, akichati na kaka yake. Ameniruhusu nilisimulie. Ndugu kadhaa wamemshauri anyamaze kwa kuwa ajira ni ngumu. Mimi nasema asinyamaze.

Naishi Würzburg, Ujerumani, mji wenye udugu na Mwanza tangu 1966. Msidhani huku hatuangaliwi. Mfumo unajua nimeingia saa ngapi na nimefungua faili gani, ila tuliambiwa kwanza, tena kwa maandishi. Mahali penye baraza la wafanyakazi, sheria haimruhusu mwajiri kufunga mtambo wa kufuatilia mwenendo wao kabla ya kukubaliana na baraza hilo. Mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Kazi ilikataa ushahidi wa mwajiri aliyenasa kila herufi aliyobonyeza mfanyakazi wake. Mfanyakazi mwenyewe alikiri kwamba aliitumia kompyuta kwa mambo yake binafsi. Hata hivyo mahakama ikashikilia kwamba huwezi kumchunguza mtu hivyo kama huna shaka mahususi kwamba ametenda kosa zito.

Nyumbani jambo hili linauma zaidi, na wanaomtetea bosi hawaligusi kabisa. Bosi wangu wa huku hamjui mama yangu. Mwanza, msimamizi wako mnasali kanisa moja, mkewe ananunua dagaa kwa jirani yenu Kirumba, na msiba ukitokea yeye ndiye anayeshika daftari la michango. Ukaribu huo naukosa sana, sijaona mfano wake huku. Lakini ugonjwa wa mama, mtu huusimulia kwa hiari, kwa yule aliyemchagua. Habari ikichotwa kwenye skrini yako, asubuhi iko ofisini, jioni iko mtaani, na wewe unaulizwa na watu usiowahi kuwaambia chochote.

Wala asidanganywe kwamba hizi ni haki za Wazungu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa ajili gani, na asizigeuzie matumizi mengine. Kama picha zile zilikuwa za kupima kazi, ugonjwa wa mama umeingiaje?

Mdogo wangu, andika barua. Uliza programu inachukua nini, nani anaona, na picha zinatunzwa kwa muda gani. Wenzako watie saini pamoja nawe, maana ukiwa peke yako utaitwa mkorofi. Wasipojibu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Ila WhatsApp iondoe kwenye kompyuta hiyo leo hii, na barua yenyewe uiandikie nyumbani.